MSICHANA WA RIWAYANI NA MTU MWENYE SARE

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutupiwa mara nyingi msichana aliyepotoka, na mara chache sana mkubwa aliyempoteza. Leo twawaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi waitazame upya, kwa msaada wa riwaya chache za Afrika Mashariki zinazosimulia mapenzi ya wasichana, matumaini yao na juhudi zao za kujitambua.

Huenda askari akauliza, "Mambo ya wasichana yanihusu nini?" Yanamhusu sana. Vita, ukimbizi na amri za wenye nguvu vimo katika riwaya hizi, na msichana huyatazama hayo yote kutoka mahali ambapo mwenye bunduki hajapata kusimama.

Natuanze na Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Anapogundua barua ambayo bintiye ameandikiwa na mvulana, humpiga pasipo huruma. Tangu hapo Rosa hukua akiwaogopa wanaume bila ya kuwafahamu. Aendapo masomoni, mbali na fimbo ya baba, uhuru humkuta hana ngao, na mwisho wake ni mauti. Kwa muda kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya kusema mambo hayo waziwazi. Mwandishi hakumtakasa Rosa, lakini alimwonyesha msomaji mahali ufa ulipoanzia: nyumbani, kwa mkubwa aliyedhani kwamba hofu ndiyo malezi.

Nchini Uganda nako, chama cha waandishi wanawake kiitwacho FEMRITE kilizinduliwa mwaka 1996, na kalamu nyingi zikaanza kusikika. Miongoni mwao ni Mary Karooro Okurut, aliyekuja kuwa Waziri wa Usalama mwaka 2015. Riwaya yake, The Invisible Weevil, yaani Fukusi Asiyeonekana, ya mwaka 1998, yamfuata msichana Nkwanzi katika nyakati za tawala za mabavu. Fukusi huyo hula nafaka kwa ndani huku ganda likibaki zima. Ndivyo ufisadi, dhuluma na UKIMWI vilivyoila nchi.

Mwenzake, Goretti Kyomuhendo, aliandika Secrets No More mwaka 1999. Marina, msichana wa riwaya hiyo, ashuhudia wazazi wake wakiuawa nchini Rwanda, akimbilia Uganda, na kulelewa pamoja na mayatima. Mwili wake wapata usalama, lakini aliyoyaona yamfuata hadi ukubwani, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia kuyasema.

Kisa cha Marina ni cha kubuni, lakini askari anayelinda doria kutoka Mbarara hadi Nakivale, wilayani Isingiro, hana haja ya kwenda mbali ili akielewe. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Humo wamo wasichana waliozaliwa katika makazi hayo, wakiitwa kwa jina la nchi wasiyopata kuiona, wakiota elimu na kazi, na wakipenda kama vijana wote wapendavyo.

Vita navyo vimewahi kupita papo hapo. Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walisonga mbele kutoka mpakani, na mji wa Mbarara ukatekwa. Vita hivyo ndivyo vilivyo katika riwaya nyingine ya Kyomuhendo, Waiting, yaani Kungoja, ya mwaka 2007. Msimulizi wake ni Alinda, msichana mdogo ambaye mama yake afariki baada ya kujifungua, naye aachiwa mtoto mchanga. Wanajeshi wa Amin wanaokimbia waleta hofu kijijini. Kisha afika Bahati, askari wa Tanzania, na msichana Jungu ampenda. Basi sare yaweza kuwa kitisho kwa msichana, na yaweza kuwa tumaini. Tofauti haimo katika kitambaa. Imo katika moyo wa aliyeivaa.

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yetu. Msichana anayependezwa na sare aweza kudanganywa kwa urahisi na mwenye sare hiyo. Sheria ya Uganda yatamka wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kumwingilia ni kosa kubwa la jinai, hata akisema ameridhia. Zaidi ya hayo, msichana aliyedhulumiwa huenda kituoni kutafuta sikio. Akikutana na kicheko, au na swali la "Wewe ulifuata nini kule?", atageuka na siri yake kama Marina, na mhalifu atalala usingizi mtulivu.

Bahati njema, chombo cha kumsikiliza tunacho. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu zama za King's African Rifles, na ndicho wanachokisema wakimbizi wengi wa Kongo walioko Nakivale. Msichana huyo na konstebo wa zamu waweza kuelewana pasipo mkalimani. Kilichobaki ni subira.

Kwa hiyo twashauri riwaya hizi zipewe nafasi katika mabweni na mesi zetu, na ajuaye Kiingereza awasimulie wenzake zile zilizoandikwa kwa lugha hiyo. Bunduki hufunzwa kambini. Kumsikiliza binti wa mwenzio nako hufunzwa. Asiyefunzwa hayo na wakubwa wake, asingoje kufunzwa na ulimwengu, kwani atakayelipa karo ya somo hilo ni msichana.