Taa ya Kijani Haitoshi: Kupima na Kuchaji Betri za Akiba Karagita

Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, hauko mbali na Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu mwaka 1981. Hata hivyo, kwa kuwa umeme huo huingia kwanza katika gridi ya taifa, ujirani huo hauukingi mtaa na giza, kama ilivyodhihirika tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokosa umeme. Ndiyo maana wenye saiba hutegemea UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachobeba kompyuta mara umeme unapokatika, na wengi huridhika wakiona taa yake ya kijani inawaka.

Taa hiyo husema machache mno. Betri ya UPS ndogo kwa kawaida ni ya risasi na asidi, yenye volti 12 na ujazo wa saa-ampea 7, na ndani yake mna seli sita zenye takriban volti 2.1 kila moja. Baada ya kuchomoa kifaa ukutani, kuitoa betri na kuiacha itulie saa kadhaa, mita ikisoma volti 12.7 au zaidi, imejaa; ikisoma karibu 10.5, huenda seli moja imekufa, kwa maana tano zilizobaki ndizo hutoa kiasi hicho. Lakini betri iliyochakaa nayo yaweza kuonyesha volti 12.7 ikiwa haijatwishwa mzigo, na hapo ndipo wanunuzi wa betri za mtumba hulaghaiwa.

Kipimo cha kuaminika ni cha mzigo. Balbu ya breki ya gari, ya wati 21, hunyonya takriban ampea 1.75, na betri nzima ya ukubwa huo yatarajiwa kuiwasha kwa takriban saa tatu kabla ya kushuka hadi volti 10.5, kiwango ambacho jaribio lazima likomeshwe. Ikishuka hapo katika nusu saa, haifai tena.

Kisha ichajiwe bila kukawia, kwa sababu betri inayoachwa tupu huota fuwele ngumu za salfati ya risasi, ambazo hupunguza ujazo wake. Mkondo wa ampea 0.7, yaani sehemu ya kumi ya ujazo, unafaa. Volti zisizidi takriban 14.7, kisha zishushwe hadi kati ya 13.5 na 13.8. Chaja kubwa ya betri za magari, ambayo mafundi huipenda kwa haraka yake, huchemsha betri hizi ndogo na kuzivimbisha.

Betri iliyoshindwa isivunjwe uani ili kuuza risasi yake. Huko Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.