Kutunza Betri za Umeme wa Jua: Mali ya Chama Isife Kabla ya Wakati Wake

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya za umeme zimefika mbali. Hata hivyo, viko vitongoji katika mikoa ya Mbeya na Iringa ambavyo nguzo bado hazijavifikia. Huko, ofisi ya chama cha msingi, ghala na duka la pembejeo hutegemea paneli za jua zilizo juu ya paa pamoja na betri za risasi na asidi zilizowekwa ndani. Paneli huweza kudumu zaidi ya miaka 20. Betri haina umri huo, lakini iliyo bora ikitunzwa huweza kutumika miaka mitano au zaidi; ikipuuzwa huweza kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tofauti ya miaka hiyo hulipwa na wanachama kutoka katika mazao yao.

Betri inapokufa mapema, aghalabu lawama humwangukia muuzaji. Pengine lawama hiyo ni ya haki, lakini mara nyingi chanzo kimo ndani ya chama chenyewe: betri imetumiwa kupita kiasi, kisha ikaachwa bila kujazwa.

Njaa ya betri

Betri ya aina hii ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Ndani mna mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ya volti 2 hivi. Umeme unapotumika, asidi huungana na risasi, na mabamba hutandwa na utando wa salfeti. Betri inapochajiwa, utando huo huyeyuka na asidi hurudi mahali pake.

Utando mpya huondoka kwa urahisi. Ukiachwa kwa majuma, hugeuka chembe ngumu ambazo chaji ya kawaida haiwezi kuziyeyusha tena, na sehemu ya bamba iliyofunikwa haitoi kazi. Kwa hiyo kanuni iliyo kuu ni hii: betri isishushwe chini ya nusu yake, na isikae siku nyingi bila kujaa.

Hali ya betri hupimwa kwa mita ya volti, baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, volti 12.2 ni nusu, volti 12.0 ni dalili kwamba imebaki robo tu.

Hesabu ya matumizi

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Nusu yake, yaani wati-saa 600, ndiyo halali ya kutumia. Tuseme chama kina taa nne za wati 5 zinazowaka saa 5: hizo ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 6 hutumia 60. Simu moja, pamoja na umeme unaopotea njiani, huhitaji wati-saa 20 hivi. Simu 20 za wanachama na majirani hufikia 400. Jumla ni 560.

Ni dhahiri kwamba hesabu hiyo imekaribia kuimaliza nusu yote kwa siku moja, wala haikubakiza akiba ya siku ya mawingu. Na katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili au Mei, na siku zisizo na jua la kutosha hufuatana. Chama chenye hekima huchaji simu mchana jua linapowaka, na msimu wa mvua hupunguza idadi yake. Pia hakinunui betri ya gari kwa kazi hii, kwa kuwa mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha.

Baridi na joto

Joto ni adui wa betri. Kwa kadirio la kawaida, joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua kwa nusu hivi. Kwa hiyo chama kilicho Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hakina budi kuiweka betri penye kivuli na hewa, mbali na bati lenye joto.

Mufindi au Mbeya Mjini hali ni nyingine. Baridi huirefushia betri maisha, lakini huifanya igome kujaa. Betri ambayo kwa nyuzi 25 hujazwa kwa volti 14.4, kwa nyuzi 15 huhitaji karibu volti 14.7. Kidhibiti chaji kisichopima joto huikatia chakula kabla haijashiba, na miezi ya Juni na Julai hupita ikiwa na njaa. Fundi aulizwe kama kidhibiti kina kipima joto, au arekebishe volti zake.

Maji na usafi

Betri zenye vifuniko vya kufungua hupoteza maji zinapochajiwa. Kila mwezi maji yakaguliwe, na mabamba yasiachwe wazi. Yaongezwe maji ya betri peke yake, baada ya kuchaji. Mabamba yakiwa wazi, yafunikwe kwanza kidogo ndipo betri ichajiwe. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu mabamba. Asidi isiongezwe, kwani iliyokuwamo haikupotea. Betri zilizofungwa kabisa haziongezwi kitu.

Vichwa vya betri visafishwe ukungu na kupakwa grisi. Betri mpya isiungwe pamoja na kuukuu, maana iliyo dhaifu huivuta chini iliyo nzima. Koroboi, mshumaa na sigara visisogezwe, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Asidi ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, apelekwe hospitali baada ya kuoshwa.

Betri iliyokufa isivunjwe wala kuyeyushwa kijijini, kwa maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi mwenye kibali.

Mtu mmoja na daftari moja

Maarifa haya hayana faida pasipo mtu wa kuyatekeleza. Kitu cha wote huharibika upesi kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenziwe amekiangalia. Yafaa viongozi wa kila chama wamteue msimamizi mmoja, wamnunulie mita ya volti na daftari. Kila asubuhi kabla ya jua kuwaka, naye aandike tarehe, volti na idadi ya simu zilizochajiwa jana. Volti zikisomeka chini ya 12.2 kwa siku mbili mfululizo, awe na mamlaka ya kuzima matumizi yote isipokuwa taa za ofisi, hata kama anayeomba kuchaji simu ni mwenyekiti.

Daftari hilo lisomwe katika mkutano pamoja na hesabu za fedha, kwa sababu betri nayo ni fedha ya wanachama.