Meza ya mwandishi chini ya mkorosho

Siku ya gulio, upande wa Nalasi, mkulima wa korosho hakosi anachokitaka. Majembe yapo, vitenge vipo, sabuni za mche, chumvi, dagaa, madumu matupu, betri za redio, vipuri vya pikipiki. Nilizunguka asubuhi nzima nikitafuta kitu kimoja tu, na mwishowe nilikiona kwenye turubai la muuza madaftari: juzuu amma tatu, kitabu cha Hisabati kilichobanduka jalada, na hadithi moja nyembamba ya watoto. Kurasa za mwanzo za hadithi hiyo zilikuwa zimenyofoka, zikaondoka na jina la aliyeiandika.

Mbele ya turubai alichuchumaa binti wa miaka kumi hivi. Alikuwa akiisoma palepale kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Kuinunua hakuweza, na muuzaji, Mungu ambariki, hakumfukuza. Alipofika mwisho alikigeuza kitabu, akalitazama jalada la nyuma, kisha akarudi tena mwanzo, pale palipokatika. Alikuwa anamtafuta mwenye hadithi.

Namkumbuka binti yule kila ninaposikia msemo tulioufanya wimbo, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liweke kitabuni. Yule alikuwa Mtanzania, na kitabu alikuwa nacho mkononi. Alichokosa ni kurasa nne za mwanzo na mtu wa kumwuliza.

Nalasi ipo wilayani Tunduru, kusini mwa mkoa wa Ruvuma, kuelekea mto ulioupa mkoa jina na unaotutenganisha na Msumbiji. Kutoka Songea, makao makuu ya mkoa, hadi Tunduru mjini ni zaidi ya kilometa 250, na kutoka hapo unaiacha lami. Maktaba ya mkoa iko Songea. Matamasha ya vitabu ninayoyasikia yakitangazwa hufanyika Dar es Salaam, na waandishi wanaoalikwa wengi wao hulala huko huko. Kwa mtoto wa Nalasi, mwandishi ni mtu wa mbali sana.

Nami nilikulia katika umbali huo. Shuleni tulikuwa na nakala moja ya *Adili na Nduguze* kwa darasa zima. Mwalimu akisoma, sisi tukisikiliza huku mvua ikipiga bati. Niliamini vitabu hutoka Dar es Salaam kama zinavyotoka saruji na nondo. Mwandishi wa kwanza kumwona kwa macho yangu nilimwona nikiwa mtu mzima, na nakumbuka hadi leo nilichokishangaa: alikuwa na kikohozi, na alikuwa akihangaika kutafuta chenji ya kumrudishia mama mmoja aliyenunua kitabu chake. Nilirudi nyumbani usiku ule nikaanza kuandika. Kama huyu anakohoa kama baba yangu, nilijiambia, basi na mimi naweza.

Ruvuma ina mwana ambaye siri hiyo ya mwandishi kuonekana kwa macho anaijua kwa vitendo. Profesa Joseph Mbele ni mzaliwa wa Litembo, Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kufundisha katika Chuo cha St. Olaf, mji mdogo wa Northfield, jimbo la Minnesota, Marekani. Alikusanya hadithi za kwao, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzifafanua, na kikatoka kitabu *Matengo Folktales*. Mwaka 2005 akatoa *Africans and Americans: Embracing Cultural Differences*, kuhusu namna Waafrika na Wamarekani wanavyokoseana bila kujua. Mwaka 2009 akatuandikia sisi, kwa Kiswahili, *Changamoto: Insha za Jamii*. Baada ya kuchapisha hakukaa akingoja wasomaji wamfuate. Kwa miaka mingi amevibeba vitabu vyake hadi kwenye matamasha ya jamii huko Minnesota, akavipanga mezani, akakaa nyuma ya meza na kuzungumza na yeyote anayesimama.

Matamasha ya namna hiyo hayana makuu. Ni ukumbi wa mtaa au uwanja, meza zimepangwa kwa safu, na nyuma ya kila meza kuna mwandishi, mara nyingi mtu wa eneo hilohilo. Mmoja kaandika historia ya mji wao, mwingine mashairi, mwingine kisa cha bibi yake. Msomaji anapita meza hadi meza, anashika, anafungua, anauliza, ananunua au hanunui. Anayenunua anaandikiwa jina lake ukurasa wa kwanza. Shughuli imeisha. Hakuna anayesubiri mgeni rasmi ili ianze.

Katika jimbo hilohilo la Minnesota kuna mji unaoitwa Mankato, na tamasha lao la vitabu linaitwa Deep Valley. Asili ya jina hilo inanigusa. Mwaka 1892 alizaliwa pale mwandishi Maud Hart Lovelace. Alipokuwa mtu mzima aliandika mfululizo wa hadithi za wasichana wawili marafiki, Betsy na Tacy, na kitabu cha kwanza kilitoka 1940. Mji wanamoishi wasichana hao aliuita Deep Valley, lakini vilima, nyumba na mitaa ni ya Mankato. Wenyeji wakaupenda mji huo wa kitabuni hata wakalipa tamasha lao jina lake. Yaani mji wa kweli umekubali kuitwa kwa jina alilolibuni binti yake.

Kwa hiyo hadithi zilizosimuliwa na wazee wa Umatengo zimepata meza ng'ambo ya bahari, mbele ya watu ambao hawajawahi kuona shamba la mashimo ya ngoro lililolimwa mlimani. Profesa Mbele katimiza sehemu yake. Sisi huku hatujapanga meza, na sizungumzii Litembo peke yake. Nasema Tunduru, Namtumbo, Nyasa, mkoa mzima.

Kuna watakaouliza Nalasi ina mwandishi gani. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara linaniumiza, kwa sababu jibu lake lipo wazi na hatuwaambii watoto.

Shaaban Robert, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa jina lake, alizaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909 na kufariki 1962. Ukoo wake ni wa Kiyao. Mwenyewe alipenda kuitwa Mswahili, na hiyo ni haki yake. Simrudishi kabilani mtu aliyejenga nyumba kubwa kuliko kabila. Lakini Nalasi ni nchi ya Wayao. Mtoto anayezungumza Kiyao nyumbani na Kiswahili darasani anaweza kumaliza shule bila kuambiwa hata mara moja kwamba fundi mkuu wa Kiswahili tunachokiandika leo alikuwa na damu ya watu wake. Wangapi wamekua wakidhani Kiswahili kizuri ni mali ya watu wa pwani, na wao ni wapangaji tu?

Yupo pia Yohanna Abdallah, ambaye nadhani katika Tunduru nzima wanaomjua hawajazi daladala. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, Myao, akihudumu Unangu, ng'ambo ya Ruvuma katika Msumbiji ya leo. Aliandika kwa Kiyao historia ya watu wake: walikotoka, walivyotawanyika, biashara zao, vita vyao, desturi zao. Kitabu chake, *Chiikala cha Wayao*, kilichapishwa Zomba mwaka 1919 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Mwaka 1919! Vita Kuu ndiyo kwanza imekwisha, na Mwafrika wa ukanda huu ameketi ameandika historia ya kwao kwa lugha ya kwao, bila kungoja mgeni aje amwambie yeye ni nani. Ningekuwa mwalimu Nalasi ningeanza somo la kwanza la historia kwa kuwaonyesha wanafunzi jalada la kitabu hicho, halafu ningewaelekeza kidole upande wa mto.

Nikisogea kidogo kuelekea Lindi, nampata Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeandika utenzi wa Vita vya Majimaji, na Ebrahim Hussein, ambaye mwaka 1969 alitupa *Kinjeketile*, tamthilia inayochimba vita hivyohivyo. Hapa kwetu Peramiho, karibu na Songea, Wabenediktini waliofika 1898 walijenga hadi kiwanda cha uchapaji, na jina la Peramiho limo kwenye vitabu vilivyosambaa nchi nzima. Mkoa wenye mashine za kuchapa kwa miaka mingi namna hii hauwezi kujitetea kwamba vitabu ni vitu vya wengine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenda vitabu wa mjini hulisahau: kalenda.

Nalasi huishi kwa kalenda ya korosho. Kuanzia Septemba na Oktoba mabibo yanaanguka, na familia nzima huwa chini ya mikorosho, inaokota, inatenganisha korosho na bibo, inaanika. Harufu ya mabibo yaliyochacha inajaa kijiji kizima. Aliyekulia huko akiisikia popote duniani hukumbuka kwao. Kisha magunia yanapelekwa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, yanapimwa, mkulima anachukua stakabadhi yake na kuikunja vizuri mfukoni. Mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu cha ushirika, TAMCU, kinaendesha mnada, na wakulima wanakaa wakisubiri bei. Bei ikitangazwa, watu wanapiga hesabu kwa vidole kabla hata ya kutoa simu. Zinapita siku kadhaa, malipo yanaingia.

Siku hizo Nalasi hubadilika. Wauza magodoro wanafika, wauza mabati, wauza simu, wauza redio, wauza sare za shule za Januari. Wanatoka Masasi, wanatoka Songea, wengine mbali zaidi. Hakuna aliyewaandikia barua ya mwaliko. Wameisoma kalenda wenyewe. Muuza magodoro anaijua Nalasi kuliko mchapishaji yeyote nchini. Nilipokuwa nikiangalia magari yao yakipakua, nilijiuliza kwa nini hata moja halina boksi la vitabu. Kwa bei za minada ya msimu wa 2024, kilo mbili tatu za korosho zinatosha kununua kitabu chembamba cha hadithi. Mzazi aliyeuza magunia kumi hashindwi kununua vitabu viwili. Anashindwa kwa sababu havipo, na hakuna aliyesimama mbele yake kumwambia hiki nimekiandika mimi, kinahusu watu kama wewe.

Kwa hiyo tamasha la vitabu la Nalasi, likija, lije Novemba. Desemba mvua zinaanza kukolea na barabara ya udongo inakuwa na maamuzi yake. Likija Aprili, watu wako shambani na mfuko mtupu, na waandaaji watarudi Songea wakisema wanakijiji hawakujitokeza.

Tena lisifanyike ukumbini. Mkorosho mkubwa una kivuli cha kutosha meza sita na mikeka ya watu mia. Mwandishi asome kurasa mbili, si zaidi, halafu aulizwe maswali. Wanakijiji wataanza na maswali ambayo wahakiki hawayaulizi: ulilipwa kiasi gani, mkeo anasemaje, huyu mtu mbaya wa kwenye hadithi ni jirani yako? Yajibiwe yote kwa ukweli. Kisha meza igeuke. Wazee wa Nalasi waketi, wasimulie ngano za Kiyao, na vijana wa sekondari waziandike kwenye madaftari yao, kama Mbele alivyofanya kwa hadithi za Wamatengo. Makungwi pia waalikwe, lakini hapa niseme kwa heshima: si kila neno la unyago ni la kuandikwa, na mwenye kuamua kipi kinatoka ni kungwi mwenyewe, si mwandishi aliyeshuka na basi jana jioni.

Fedha zitatoka wapi? Mkoa huu haujashindwa kukusanya watu. Kila Februari Songea hujaa kwa kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Tamasha la Majimaji Selebuka limetuletea riadha, mbio za baiskeli, ngoma za asili na midahalo ya wanafunzi. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hafla yake ya kwanza ilifanyika Aprili 2023, na tuzo hiyo imeshaonyesha kwamba miswada mizuri ipo mitaani ikisubiri kuonekana. Anayemleta mwandishi Nalasi anahitaji nauli ya basi, chakula cha siku mbili, mahali pa kulala na boksi la vitabu alivyokubaliana na mchapishaji avirudishe visipouzika. Harusi za kawaida hugharimu zaidi ya hapo, na huchangiwa kwa kadi.

Jina la tamasha nimeshalipata, wenyeji wakiridhia. Katika *Utubora Mkulima*, Shaaban Robert alimtoa Utubora kwenye kazi ya ofisini, akampeleka kulima katika kijiji kinachoitwa Busutamu. Mankato walichukua Deep Valley. Nalasi, kijiji cha wakulima kwenye nchi ya wazee wake Shaaban, wachukue Busutamu. Waliandike kwa chaki kwenye ubao wa AMCOS, chini ya bei ya korosho, pamoja na tarehe na saa.

Na meza ya kwanza, ile iliyo karibu na njia, iwekwe vitabu vya watoto vyenye kurasa zote. Binti yule atakuwa amefikisha miaka kumi na moja au kumi na mbili. Mwandishi akae kwenye kiti, asiondoke mapema, na awe na kalamu inayoandika.