Palizi Imefika: Lipa Vibarua kwa Simu, Ujue Gunia Limekugharimu Ngapi

Mahindi yaliyopandwa masika yalipoanza sasa yanakaribia magotini. Kwa mkulima wa ekari moja au mbili, hapa ndipo pesa hutoka kidogo kidogo: leo vibarua wa palizi, kesho gunia la CAN, kesho kutwa dawa ya viwavi jeshi. Ukilipa zote taslimu kutoka mfukoni, mavuno yakifika hakuna anayekumbuka zilienda wapi.

Na kazi hii haingoji. Palizi ya kwanza hufanywa wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuchipuka, kabla magugu hayajayanyang'anya chakula na maji. CAN huwekwa mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Ukikosa pesa wiki hiyo, pengo utaliona kwenye magunia. Kwa hivyo tenga pesa za palizi mapema kwenye akiba ya simu, mbali na pesa za unga na karo.

Fanya hivi:

1. Patana kwanza. Malipo ni ya siku au ya kipande? Nani atabeba ada ya kutoa pesa? Kibarua aliyeahidiwa shilingi 400 halafu akatoa pungufu kwa wakala, kesho huenda asirudi.

2. Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Kama si la uliyemwajiri, simamisha hapo hapo. Ukishakosea, omba pesa zirudishwe mara moja; mpokeaji akizitoa, kuzipata ni kazi.

3. Dukani, lipia nambari ya malipo ya duka, si ya mtu binafsi, na uchukue risiti. Mbolea ikiwa na kasoro, una ushahidi.

4. Usifute ujumbe wa malipo. Kila jioni nakili kwenye daftari: tarehe, kazi, kiasi. Siku za watu wa nyumbani pia ziandike. Hata kama hakuna aliyelipwa, hiyo ni gharama.

Sasa piga hesabu. Tuseme ekari moja ilichukua vibarua watano kwa siku mbili, kila mmoja shilingi 400 kwa siku. Hiyo ni 4,000. Ongeza gunia la CAN la shilingi 2,500, jumla 6,500. Ukivuna magunia 15, palizi na CAN pekee zimekula karibu shilingi 433 kwa kila gunia. Ongeza kulima, mbegu, mbolea ya kupandia, kuvuna na usafiri kwa njia hiyo hiyo.

Broka akija langoni na bei yake, hutabahatisha. Fungua daftari, linganisha, kisha uamue: unauza leo, au unangoja kidogo?