Mama mja mzito, usiache tembe za tezi

Je, msomaji, ungefanya nini iwapo unameza tembe za tezi ya shingo kila siku, kisha ugundue kwamba una mimba? Mama mmoja wa mtaa wa Kipsongo, hapa Kitale, alizitupa zake. Alihofia zingemdhuru mtoto. Alipofika kwangu, mimba ilikuwa ya miezi minne. Alikuwa mchovu, akihisi baridi na kufunga choo. Majirani walimwambia ni mimba tu.

Kumbe hatari ilikuwa katika kuziacha. Tezi hii iliyo chini ya kikoromeo hutoa homoni zinazosaidia kujenga ubongo wa mtoto. Mtoto aliye tumboni hawezi kujitengenezea homoni hizo kabla ya wiki ya 12 hivi, na huendelea kutegemea za mama hadi karibu nusu ya mimba. Zikipungua sana, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati au akawa mzito wa kujifunza.

Kwa hivyo ukikosa hedhi, usiache dawa. Nenda ukapimwe damu mara moja. Wengi wanaotumia levothairoksini huhitaji kuongezewa dawa kwa robo hivi, na hupimwa tena kila wiki nne hadi nusu ya mimba. Tembe za kuongeza damu unazopewa kliniki zimeze saa 4 mbali na hizo, maana huzuia dawa ya tezi isiingie mwilini.

Wapo ambao tezi yao hufanya kazi kupita kiasi: moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda. Dawa zao ni tofauti na huenda zikabadilishwa mimba ichangapo, lakini ni daktari atakayeamua.

Na chumvi je? Tezi huhitaji madini ya ayodini, na mja mzito huhitaji zaidi. Tangu 1978, sheria ya Kenya hutaka chumvi ya mezani itiwe ayodini. Munyu wa majivu tunaolainishia mboga huku ni mtamu, lakini hauchukui nafasi ya chumvi ya pakiti. Ukiona rovu shingoni, mwonyeshe muuguzi.

Mama yule alirudia tembe, akajifungua salama. Lakini majuma aliyopoteza hayakurudi. Siku ya kwanza ya kliniki, beba tembe zako mkononi.