Kadi Zisizofika Nyumbani

Kwenye kabati la zahanati moja ya kijijini mkoani Simiyu kuna boksi la viatu lililojaa kadi za uzazi wa mpango. Kadi ni ya mteja, aende nayo nyumbani. Hizi wenyewe wamemwomba nesi awatunzie, waume wasizione.

Kilichonikamata ni maandishi ya pembeni. Kila kadi ina tarehe ya kurudi kuchomwa sindano, miezi mitatu mbele. Baadhi zimeongezewa kwa penseli: "gulio 12". Ni alama ya nesi mwenyewe, ajue nani anahesabu nini. Mama asiyejua kusoma hana habari na tarehe, lakini gulio la kila wiki halimpiti. Hesabu hiyo huenda vizuri mpaka masika. Mvua ikizuia magulio manne mfululizo, mama anachelewa kuja, na mara nyingine anakuja kuanza kliniki ya wajawazito.

Waliomaliza kidato cha nne hawana alama ya penseli. Hao hutuma ujumbe kwanza: dada, sindano zipo? Zikiwa zimeisha, hawatembei bure.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta mwanamke asiyesoma kabisa akizaa wastani wa watoto 6.9, na aliyefika sekondari 3.6. Tumezoea kusema elimu imemfumbua macho. Nesi anacheka.

"Kusoma tarehe ni jambo dogo, mwandishi. Shule iliwachelewesha. Mwenzake anaposwa na miaka kumi na sita, huyu yuko darasani anahangaika na hesabu. Kwangu anafika na ishirini na mbili, mimba ya kwanza. Hiyo miaka sita ni watoto wawili, watatu."

Kuhusu waume, shule haijasaidia sana. Boksini humo zimo kadi za waliosoma sekondari, na si chache.

Tangu Novemba 2021 Serikali inawaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Hapa yupo mmoja, kidato cha tatu. Kichanga anabaki na bibi yake, ambaye naye ana mimba ya saba.

Je, bibi huyo alikosea hesabu?

"Sijui kama alitaka au alitakiwa," nesi anasema. "Sijamuuliza. Akishakuja na mimba namwandikia kadi ya kliniki, nampima presha, basi."