Msaada wa Nyumbani Mapacha Wanapotarajiwa

Mimba ya mapacha mara nyingi haifiki wiki 40. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla wiki 37 hazijatimia, na wapo mama wanaolazwa kwa presha wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Kwa hiyo familia yenye mtoto mwingine wa mwaka mmoja au miwili isisubiri mwezi wa tisa ndipo itafute dada wa kazi. Mwezi wa tano unafaa. Wa saba umeshachelewa.

Anayemhitaji dada huyo kwanza ni mtoto mkubwa. Mtoto wa umri huo humlilia mama akibebwa na mtu asiyemjua, na akianza kulelewa na mgeni siku ileile mama anapopelekwa hospitali, huumia sana. Akizoea mapema kulishwa, kuogeshwa na kulazwa na dada, mama atakwenda kujifungua akiwa na amani.

Mapacha wenyewe wanamhitaji mama. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na hapa ni wawili. Ndiyo maana dada anafaa kupika, kufua, kuchota maji na kucheza na mkubwa, mama abaki kunyonyesha. Nyumba nyingi hufanya kinyume: vichanga hukabidhiwa dada, mzazi akarudi jikoni kabla hajapona.

Kwa kawaida bibi huja kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia mtori, kisha huondoka baada ya arobaini. Kuchoka hakuishi hapo, hivyo mpango ufike angalau mwezi wa sita baada ya kujifungua. Usiku ni wa baba. Dada aliyeshinda kazini asikeshe tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 humpa baba likizo ya uzazi isiyopungua siku 3 tu, basi aiunganishe na likizo yake ya mwaka. Mama aliyejifungua mapacha hupata siku 100 zenye malipo badala ya 84, lakini haki hiyo huhesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36. Mwenye mtoto ambaye bado mdogo huenda ameshaitumia katika mzunguko huohuo, hivyo azungumze na mwajiri mapema.

Fedha ikiruhusu, dada wa kulala asaidiwe na mama wa kufua mara mbili kwa wiki. Mtu mmoja kuachiwa watoto watatu ni hatari kwake na kwao. Mkubwa anaweza pia kupelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, mradi kituo kiwe kimesajiliwa.

Dada hupatikana kwa jirani, kanisani, msikitini au kwa dalali. Kokote anakotoka, aonyeshe kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na mwajiri wake wa zamani apigiwe simu. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kisheria kuajiriwa, hata mzazi wake akikubali. Na kwa kazi nzito kama hii, atafutwe mtu mzima.

Mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko viandikwe kabla hajaanza, na malipo yatoke tarehe iliyokubaliwa. Dada akiondoka kwa kucheleweshewa haki yake, watoto watatu watabaki mikononi mwa mzazi ambaye hajarudiwa na nguvu. Alipwe vizuri.